Imam Ghazali na miezi sita ya kuvutana na nafsi

Katikati ya mwaka 1095, mmoja wa walimu mashuhuri kabisa mjini Baghdad alikaa mbele ya wanafunzi wake akashindwa kutamka hata neno moja.

Abu Hamid al-Ghazali alikuwa na umri wa miaka 37 hivi, na alikuwa na mengi ya kupoteza.

Alizaliwa mwaka 1058 mjini Tus, katika Iran ya leo. Alisoma Nishapur kwa Imam al-Juwayni, na mwalimu wake alipofariki mwaka 1085 alijiunga na baraza la Nizam al-Mulk, waziri mkuu wa dola ya Waseljuki. Mwaka 1091 waziri huyo alimteua kuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nizamiyya, Baghdad, alikosomesha wanafunzi wapatao 300.

Ulimi wafungwa

Kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe katika kitabu cha al-Munqidh min al-Dalal, siku moja aliichunguza nia yake, akabaini kwamba alifundisha kwa kutaka cheo na sifa, wala si kwa ajili ya Mungu.

Alijua kuwa anatakiwa kuondoka. Hata hivyo, kila azma ya asubuhi ilivunjwa na matamanio ya jioni. Nafsi ilimwonya kwamba akikiacha cheo hicho, huenda akakitamani tena asikipate.

Mvutano huo uliendelea kwa karibu miezi sita. Hatimaye ulimi ukafungwa, chakula kikawa hakipiti, na matabibu wakakata tamaa, wakisema chanzo cha maradhi kimo moyoni.

Hapo akasalimu amri. Aliigawa mali yake, akabakisha riziki ya watoto, kisha akatangaza safari ya Makka huku akikusudia Sham, ili khalifa na marafiki wasimzuie.

Baadhi ya wanahistoria wanaona kuwa hofu ya siasa nayo ilichangia, kwani Nizam al-Mulk aliuawa mwaka 1092.

Wito wa pili

Huko Damascus alijifungia katika mnara wa msikiti, akafika Jerusalem, kisha akahiji. Katika miaka hiyo ya upweke aliandika Ihya Ulum al-Din, kitabu ambacho masharifu wa Hadhramaut walikienzi, na kupitia kwao kikapata heshima Lamu, Zanzibar na Komoro.

Mwaka 1106 waziri Fakhr al-Mulk alimtaka arejee kufundisha Nishapur. Safari hii Ghazali alisita kwa sababu nyingine: upweke aliokuwa ameuogopa sasa ulikuwa raha yake. Alijiuliza iwapo anaupenda kwa ajili ya Mungu au kwa uvivu na kukwepa maudhi ya watu.

Alikubali kurudi. Baadaye alirejea Tus, akafariki huko mwezi Desemba mwaka 1111, akiwa ameitikia wito mara mbili: kwanza kukiacha kiti, kisha kukikalia tena.