George Lilanga, fundi aliyewapaka rangi mashetani

Mtoto wa Migori au Homa Bay aliyelala akimwogopa Apul-Apul, zimwi la ngano za Waluo, angewatambua upesi mashetani wa George Lilanga. Marehemu alizaliwa mwaka 1934 huko Masasi, Tanzania. Wamakonde wenzake walichonga mpingo wakauacha mweusi. Yeye alichonga mbao laini, akazipaka rangi kali za mafuta. Aliajiriwa mlinzi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kabla ya kipaji chake kutambuliwa; mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Kisukari kilimpotezea miguu, lakini brashi hakuiweka chini. Alifariki Juni 2005. Mashetani wake, wenye masikio makubwa na matumbo yaliyofura, hawatishi mtu. Wanacheza ngoma tu, kama sisi.