Paul Robeson, Mlinzi wa Safu ya Pili

Watoto wa Morogoro wachezapo mpira jioni chini ya milima ya Uluguru, huupiga kwa miguu, wala hapana ruhusa ya kuushika kwa mikono ila kwa mlinda mlango peke yake. Katika nchi ya Marekani uko mchezo mwingine uitwao kwa jina hilo hilo la mpira wa miguu, lakini haufanani na huu. Mpira wake una umbo kama la yai, nao hushikwa mkononi, hukumbatiwa kifuani na kurushwa angani. Kila upande una watu 11, na kiwanja kina urefu wa yadi 100. Upande wenye mpira hupewa nafasi 4 za kusogea mbele yadi 10. Wakishindwa, mpira huwa wa wapinzani wao. Na njia ya kumzuia mwenye mpira ni kumkamata na kumwangusha chini.

Kwa sababu hiyo walinzi hujipanga kwa safu. Walio mbele husimama uso kwa uso na washambuliaji. Nyuma yao husimama wachache ambao kazi yao ni ngumu sana, yaani kutazama mpira unakokwenda, kukimbilia mahali palipobomoka, na kumkamata yule aliyekwisha kuipenya safu ya kwanza. Mlinzi wa namna hii hana budi awe na mabega yenye nguvu, kama watu wanaoteremka njia za Uluguru na mizigo ya ndizi kwenda sokoni. Lakini asipokuwa na akili ya kutambua upesi, nguvu zake ni bure. Habari hizi ni za mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo hata akasifiwa katika nchi yake yote. Jina lake ni Paul Robeson.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa katika jimbo la North Carolina. Alipokuwa na umri wa miaka 15 alitoroka, akajitafutia elimu kwa taabu nyingi, hata akawa mchungaji. Mama yake, Maria Louisa, alikuwa mwalimu. Mwaka 1904 mama huyo alikufa kwa ajali ya moto nyumbani, naye Paul alikuwa hajatimiza miaka 6. Siku zile mzee Robeson alikwisha kuondolewa katika kanisa lake, akawa anapata riziki kwa kuzoa majivu ya majiko ya watu na kuendesha gari la farasi. Walakini hakuona haya kwa kazi hiyo, wala hakuacha kusimamia masomo ya wanawe. Paul alipoleta alama nzuri kutoka shuleni, baba yake aliuliza kwanza habari za lile somo moja ambalo hakulipata sawasawa.

Mwaka 1915 Paul alishinda mtihani uliofanywa na vijana wa jimbo lote, akapewa nafasi ya kusoma bila malipo katika Chuo cha Rutgers. Chuo hicho kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1766, lakini kabla yake walikuwa wamepokewa wanafunzi weusi wawili tu. Yeye alikuwa wa tatu, na mwaka ule hapakuwa na mwingine.

Alipokwenda kiwanjani kujaribiwa, wale waliokuwamo katika timu hawakutaka kucheza na mtu mweusi. Wakapatana, nao mchezo ulipoanza wakamrukia wote pamoja, wakamvunja pua na kumtegua bega. Alilala kitandani siku nyingi, akiwaza kama arudi au aache. Ndipo alipokumbuka aliyofundishwa na baba yake, ya kuwa hakwenda chuoni kwa ajili ya nafsi yake tu. Nyuma yake walikuwako vijana wengi weusi waliotamani nafasi kama ile, na yeye akikimbia, mlango utafungwa mbele yao. Basi alipopona alirudi kiwanjani.

Siku hiyo mchezaji mmoja alimkanyaga mkono kwa kiatu chenye meno ya chuma, akazing'oa kucha zake. Paul akashikwa na hasira kuu. Walipomjia tena aliwaangusha waliomtangulia, akamkamata yule mwenye mpira, akamwinua juu ya kichwa chake apate kumbwaga chini. Mwalimu wa mchezo, George Foster Sanford, akapaza sauti kumwambia kwamba tangu saa ile amekuwa mchezaji wa timu ya chuo. Paul alimweka yule kijana chini salama. Tangu siku ile wenziwe hawakumpiga tena, na baadaye walimtegemea.

Hata hivyo majaribu hayakwisha. Mwezi wa Oktoba 1916 chuo kilikuwa katika sherehe ya kutimiza miaka 150, na timu ya Washington and Lee ya kusini ilialikwa kucheza. Wageni walikataa kuingia kiwanjani pamoja na mtu mweusi. Wakuu wa Rutgers walikubali sharti hilo, Paul akawekwa nje. Mchezo ule ulikwisha sare, 13 kwa 13. Hivyo chuo kilipoteza ushindi ambao pengine kingeupata, tena kilipoteza kitu kilicho bora kuliko ushindi, maana kilimwacha mtu wake mwenyewe ili kuwapendeza wageni. Timu nyingine ilipokuja baadaye na sharti kama lile, mwalimu Sanford alikataa, na Paul alicheza.

Katika siku hizo mchezaji mmoja alishambulia na kulinda pia. Timu iliposhambulia, Paul alikaa mwisho wa safu, akikimbia mbele kuudaka mpira uliorushwa. Timu ilipolinda, Sanford alimruhusu asimame nyuma ya safu ya kwanza na kwenda po pote alipoona hatari. Alikuwa na urefu wa zaidi ya futi 6, na mwili mzito wenye nguvu, lakini alikimbia kama mtu mwepesi. Tarehe 24 Novemba 1917 Rutgers walicheza mjini Brooklyn na timu ya wanamaji wa Newport, ambayo ndani yake walikuwamo wachezaji mashuhuri waliokwisha kumaliza vyuo vyao. Watu wengi walidhani vijana wa Rutgers watashindwa vibaya. Lakini walishinda 14 kwa 0, na Paul alikuwa nguzo ya timu siku ile.

Mwaka 1917, na tena mwaka 1918, Paul alichaguliwa kuwa mmoja wa wachezaji bora 11 wa vyuo vyote vya Marekani. Walter Camp, aliyeheshimiwa kama baba wa mchezo ule, alimsifu kuliko wachezaji wote wa nafasi yake aliopata kuwaona. Wala hakuwa hodari wa mpira tu. Aliiwakilisha Rutgers katika michezo 4, akapokewa katika chama cha heshima cha wanafunzi wenye elimu bora, na alipomaliza mwaka 1919 alichaguliwa kusema hotuba kwa niaba ya wenziwe wote. Baba yake hakuiona siku hiyo, kwa maana alikufa mwaka 1918.

Baada ya hapo Paul alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, naye alijilipia kwa kucheza mpira wa malipo katika timu za Akron na Milwaukee, mwaka 1921 na 1922. Alipata shahada ya sheria mwaka 1923. Katika ofisi ya kwanza alimofanya kazi, karani mmoja alikataa kuandika maneno ya mtu mweusi, naye Paul akaacha kazi ile. Akageukia uimbaji na michezo ya kuigiza, na sauti yake nzito ikajulikana duniani.

Alikaa miaka mingi London. Huko, mwaka 1934, aliingia katika chuo cha lugha, akajifunza Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, kwa kuwa alitaka kuwajua watu ambao babu zake walichukuliwa kwao. Huko pia alijuana na Jomo Kenyatta, aliyekuwa bado mwanafunzi. Mwaka 1937 alishiriki kuanzisha baraza la kutetea Waafrika waliokuwa chini ya utawala wa kigeni. Mwaka 1946 baraza hilo lilichanga fedha na chakula kwa ajili ya watu wa Afrika ya Kusini waliopatwa na njaa, na kuwasaidia viongozi wa chama cha ANC wafikishe malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa.

Kwa maneno yake ya kutetea wanyonge, na kwa urafiki wake na nchi ya Urusi, alichukiwa na serikali yake. Mwaka 1950 alinyang'anywa hati ya kusafiri, akakaa nayo mbali miaka 8. Majumba ya kuimbia yalimfungia milango. Hata vitabu vya kumbukumbu za mpira vilivyochapishwa siku zile, vingine viliacha jina lake katika orodha ya wachezaji bora, watu 11 wakaandikwa 10. Alirudishiwa hati yake mwaka 1958. Alikufa mjini Philadelphia tarehe 23 Januari 1976, umri wake miaka 77. Mwaka 1995 jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la mpira wa vyuo, ambamo lilistahili kuwamo tangu zamani.

Mwaka 1978 Umoja wa Mataifa ulimpa marehemu tuzo kwa kazi yake ya kupinga ubaguzi wa Afrika ya Kusini. Mwaka ule ule, katika shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro, chama cha ANC kilianza kufundisha vijana wake waliokimbia nchi yao. Shamba hilo walipewa na serikali ya Tanzania, na shule ile baadaye iliitwa kwa jina la Solomon Mahlangu. Robeson hakuiona. Lakini wale waliosoma Mazimbu, wakiitazama milima ya Uluguru, walikuwa wana wa watu aliowachangia chakula miaka 32 kabla yake. Kijana aliyevunjwa pua na wenziwe alirudi na kuilinda safu yao. Na alipokuwa mtu mzima, aliendelea kusimama nyuma ya wale waliokuwa wakishambuliwa.