Stagg: Kocha aliyerejea kukiadhibu chuo alichokijenga

AMOS Alonzo Stagg alikuwa na umri wa miaka 70 Chuo Kikuu cha Chicago kilipomstaafisha baada ya msimu wa 1932. Kwa miongo minne alikuwa amekinolea vijana wa kandanda ya Kimarekani na kukinyakulia mataji saba katika muungano wa vyuo vya kati-magharibi mwa nchi hiyo, ujulikanao leo kama Big Ten.

Mzaliwa huyo wa West Orange, New Jersey, aliyesomea Yale, hakuwa tayari kutundika daluga. Alihamia chuo kidogo cha Pacific, mjini Stockton, California. Mnamo 1938 alirejea Chicago na vijana wake, na katika uwanja uliobeba jina lake mwenyewe wakakinyuka chuo alichokijenga 32-0.

Ushindi huo haukutokana na ustadi wa kocha pekee. Vyuo vikuu vya majimbo vilikuwa vimefurika wanafunzi, ilhali Chicago, chini ya Robert Hutchins, kilitanguliza masomo na kukataa kulegeza masharti kwa ajili ya wachezaji. Katika msimu wa 1939, Michigan walikicharaza 85-0. Harvard na Ohio State, kila mmoja 61-0. Naam, Michigan wale wale ambao vijana wa Stagg waliwakomesha 2-0 mwaka wa 1905, baada ya mechi 56 bila kushindwa. Desemba hiyo Hutchins aliufuta mchezo, na mwaka wa 1946 chuo kikajiondoa katika muungano.

Stagg naye alionja upande wa pili wa mizani. Jeshi la Majini lilipoleta makurutu kusomea Pacific wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, chuo kile kidogo kilipata ghafla wachezaji ambao hakingewamudu. Mwaka wa 1943, akiwa na miaka 81, alitawazwa kocha bora wa mwaka nchini Marekani.

Alifariki Stockton mnamo Machi 1965, akiwa na umri wa miaka 102. Chicago kilirejesha kandanda mwaka wa 1969, safari hii miongoni mwa vyuo vidogo visivyotoa ufadhili kwa wanamichezo. Fainali ya daraja hilo imepewa jina la Stagg tangu 1973. Hata humo, kati ya 2005 na 2014, Mount Union na Wisconsin-Whitewater walikutana fainalini mara tisa.