Shaaban Robert: Karani Aliyeendelea Kusoma



Kila mwaka vijana wanaomaliza masomo huteremka kutoka Old Moshi kwenda mjini na masanduku yao, na wengi hawafungui kitabu tena ila daftari la kazi. Mimi nilikwisha kuwa mzazi niliporudia kusoma vitabu, na kilichonirudisha ni Maisha Yangu, kilichotolewa mwaka 1949. Leo nataka kueleza kwa ufupi habari za mwandishi wake.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Mwaka 1922 alianza masomo Dar es Salaam, akayamaliza mwaka 1926. Waliofaulu mtihani wa mwisho walikuwa 11, naye alikuwa wa pili. Hapo masomo ya darasani yakakoma, naye ana umri wa miaka 17 tu. Chuo kikuu hakukijua.

Mwaka ule ule aliingia Idara ya Forodha kuwa karani, akaitumikia mpaka mwaka 1944. Kisha alifanya kazi Mpwapwa, na mwaka 1946 akarudi Tanga. Karani wa forodha huandika na kuhesabu mali za watu kutwa nzima. Jioni macho na mkono vimechoka. Tena Shaaban Robert alifiwa na mkewe, Amina, akabaki na watoto. Mtu kama huyo angesema hana nafasi ya vitabu, na hakuna ambaye angemlaumu.

Lakini tazameni kazi zake. Mwaka 1952 alitoa kwa Kiswahili mashairi ya Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi wa zamani, akiyatoa katika Kiingereza cha Edward FitzGerald. Kiingereza cha darasani peke yake kisingemfikisha huko. Kitabu chake Adili na Nduguze kinatokana na hadithi moja ya Alfu Lela Ulela. Aliandika insha, tenzi, na wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja. Mashairi yake yalisomwa katika Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoanza mwaka 1923. Hakuna mwalimu aliyempa kazi hizo, wala mtihani uliomngoja. Alisoma kwa sababu alitaka kujua, na alichokijua akakirudisha kwa watu kwa kalamu.

Alipata nishani ya MBE na tuzo ya ukumbusho wa Margaret Wrong. Alifariki mwezi wa Juni mwaka 1962, miezi michache baada ya Uhuru wa Tanganyika, akazikwa kwao.

Sasa nieleze faida niliyoipata mimi. Nilipokuwa mwanafunzi nilisoma Kusadikika, cha mwaka 1951, ili nijibu maswali. Nilijua kwamba Karama ameshtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, na kwamba wajumbe waliotumwa nchi za mbali waliporudi na habari njema walitiwa gerezani. Majibu yangu yalikuwa sahihi. Lakini nilipokisoma tena, nikiwa na watoto wanaoniuliza maswali mezani, nilijiuliza: mtoto akiniletea jambo jipya, je, mimi humsikiliza au humnyamazisha? Swali hilo halikuwamo katika mtihani wowote. Kitabu hakikubadilika hata herufi moja. Msomaji ndiye aliyeongezeka umri.

Kwa hiyo, vijana, msidhani kitabu mlichokitolea majibu mmekimaliza. Kiwekeni vizuri, mtakihitaji mtakapokuwa na kazi, ndoa na misiba. Nanyi wazazi wenzangu, likizo ikifika na watoto wakirudi nyumbani, waombeni wawaazime kitabu kimoja. Mimi nilianza kwa kurasa tano kila usiku baada ya chakula. Zilitosha.