Mwaka 2003 ulivyowachukua mashahidi wawili wa Wagalla

MWAKA wa 2003 ulianza kwa shangwe nchini Kenya lakini haukukawia kugeuka kuwa wa matanga. Serikali ya Narc haikuwa imemaliza mwezi mmoja mamlakani ndege iliyowabeba mawaziri wake ilipoanguka mjini Busia, Januari 24. Agosti 23, Makamu wa Rais Michael Kijana Wamalwa alifariki dunia jijini London. Wiki tatu baadaye, Septemba 14, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi Crispin Odhiambo Mbai, aliyeongoza kamati ya ugatuzi katika mazungumzo ya Katiba pale Bomas, aliuawa kwa kupigwa risasi nyumbani kwake.

Hao waliliwa na taifa zima. Hata hivyo, katika Kaskazini Mashariki, eneo ambalo wakati huo lilikuwa mkoa uliotawaliwa kutoka Garissa, mwaka huo uliacha pengo la aina yake. Uliwachukua watu wawili waliothubutu kusema waziwazi yaliyotendeka Wagalla.

Wa kwanza alikuwa Ahmed Khalif Mohamed, mbunge wa Wajir Magharibi na Waziri wa Leba, aliyeangamia katika ajali hiyo ya Busia. Wa pili alikuwa mgeni aliyezaliwa mbali: Annalena Tonelli, mwanamke Mwitaliano ambaye hakuwa mtawa, hakutumwa na shirika lolote wala hakuwa na mshahara.

Tonelli alizaliwa Aprili 2, 1943, mjini Forlì. Alisomea sheria, lakini hakuifanya kuwa riziki yake. Mnamo 1969 alifika Kenya akiwa mwalimu, na muda si muda akahamia Wajir. Nchi ile ilikuwa ingali chini ya sheria za hali ya hatari zilizoachwa na vita vya shifta vya miaka ya 1960, sheria ambazo hazikuondolewa hadi 1991. Afisa wa serikali aliyepelekwa kule aliona kwamba ameadhibiwa. Yeye alikwenda kwa hiari na akakaa.

Huko alikutana na kifua kikuu. Tiba ya wakati huo ilidumu mwaka mmoja au zaidi, nayo ilimtaka mgonjwa awe karibu na hospitali. Mfugaji wa kuhamahama angewezaje? Mvua ikinyesha upande wa pili, ngamia hawamngojei mtu amalize dawa. Wengi walikuwa wakipata nafuu kidogo, wanaondoka, ugonjwa unarudi ukiwa sugu, nao wanawaambukiza jamaa zao.

Mwaka 1976, Tonelli alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu kifua kikuu miongoni mwa wafugaji. Jibu lake halikuwa jengo kubwa. Wagonjwa walijenga vibanda vyao wenyewe, kwa desturi yao, karibu na kituo cha tiba mjini Wajir, wakaishi hapo kwa muda wa miezi sita huku wakimeza dawa mbele ya macho ya mhudumu. Mahali hapo palijulikana kama Manyatta ya TB. Miaka mingi baadaye, katika miaka ya 1990, shirika hilo lilipendekeza kwa ulimwengu mzima mpango wa tiba fupi inayosimamiwa ana kwa ana. Wajir ilikuwa imeshaonyesha kwamba jambo hilo lawezekana hata kwa watu wasio na makao ya kudumu.

Kisha ikaja Februari 1984. Kuanzia tarehe 10 mwezi huo, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, kilomita chache kutoka mji wa Wajir, kwa sababu iliyotajwa kuwa ni msako wa silaha. Walivuliwa nguo na kuwekwa juani siku kadhaa bila maji wala chakula. Wengi waliuawa, na maiti zikatupwa nyikani.

Tonelli alitoka kwa gari kuwatafuta waliokuwa wangali hai. Aliwatibu, akasaidia kuzika waliokufa, na akahakikisha kwamba majina na picha zinawafikia wanadiplomasia jijini Nairobi. Khalif naye alilifikisha suala hilo Bungeni, wakati ambapo mbunge aliyeisema vibaya Serikali alijua fika kinachoweza kumpata. Serikali ilishikilia kwamba waliokufa ni 57.

Ujasiri huo ulikuwa na bei. Mwaka 1985 Tonelli alilazimika kuondoka Kenya. Aliendelea na kazi ileile nchini Somalia, akiwa Merca na Mogadishu katika miaka ya vita na njaa, na hatimaye Borama, Somaliland, alikoanzisha hospitali ya kifua kikuu mwaka 1996. Alipoanza kuwahudumia pia wenye virusi vya Ukimwi, baadhi ya watu walimpinga wakidai anauletea mji ugonjwa. Hakurudi nyuma.

Juni 2003, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilimtunuku Tuzo ya Nansen. Usiku wa Oktoba 5 mwaka huohuo, mtu mwenye bunduki alimpiga risasi ndani ya uwanja wa hospitali yake. Alikuwa na umri wa miaka 60, na zaidi ya nusu ya umri huo aliutumia miongoni mwa Wasomali.

La kuhuzunisha zaidi ni wakati wenyewe. Wiki chache tu kabla ya kifo chake, jopo lililoongozwa na Profesa Makau Mutua lilikuwa limependekeza kuundwa kwa tume ya ukweli nchini Kenya. Tume hiyo ilichelewa. Ilipofungua vikao vyake vya hadhara mjini Garissa, Aprili 2011, na kuendelea hadi Wajir, wajane na manusura walisimulia waliyoyaona, lakini mbunge aliyelisema Bungeni na mwanamke aliyeziokota maiti hawakuwapo tena kuhojiwa.

Ripoti ya tume hiyo, iliyokabidhiwa Mei 2013, ilisema waliouawa Wagalla huenda walikaribia 1,000. Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha Bungeni kwa niaba ya Serikali.

Mabaki ya Tonelli hayakupelekwa Italia. Yalirudishwa Wajir, mji aliotakiwa kuuhama miaka 18 kabla ya kuuawa.