Archibald McIndoe, Mganga wa Nyuso Zilizoungua

Askari aliyejeruhiwa kwa risasi huweza kulificha kovu lake chini ya sare. Aliyeungua uso hana pa kujificha. Hapa kwetu Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, kama popote penye majiko ya makaa na taa za mafuta, mtu kama huyo hupita njiani na watoto wakamkodolea macho. Ndiyo sababu leo, ndugu askari na polisi, tunawasimulia maisha ya daktari aliyewarudishia wanajeshi nyuso zao.

Archibald McIndoe alizaliwa mwaka 1900 mjini Dunedin, New Zealand. Alipohitimu udaktari kwao, alikwenda Marekani kuongeza elimu ya upasuaji, kisha mwaka 1930 akahamia London. Huko alifanya kazi na binamu yake, Harold Gillies, aliyekuwa amewatengeneza upya askari wengi walioharibika nyuso katika Vita Kuu ya Kwanza. Vita vya pili vilipozuka mwaka 1939, McIndoe alikabidhiwa majeruhi wa Jeshi la Anga la Uingereza katika hospitali ya Queen Victoria, mji mdogo wa East Grinstead.

Marubani walifikishwa kwake wakiwa wameunguzwa na petroli usoni na mikononi. Desturi ya siku hizo ilikuwa kuwapaka asidi ya taniki, dawa iliyokikausha kidonda kikawa kigumu kama ngozi ya ngoma, vidole vikakunjamana na kope zisiweze kufumba. McIndoe alitambua kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri kuliko wenzao. Akaipiga vita dawa ile, akawaogesha wagonjwa katika maji ya chumvi yenye uvuguvugu.

Kisha alichukua ngozi ya mgonjwa mwenyewe, kwa mfano begani, akaikunja kama bomba. Ncha moja aliiacha mahali pake ili damu iendelee kupita, na nyingine akaishona penye pua iliyoteketea. Ngozi iliposhika, ndipo alipoikata kule ilikotoka. Wengine walipasuliwa mara 30 na zaidi.

Hata hivyo, McIndoe alijua kwamba kushona ngozi hakutoshi. Aliwaruhusu wagonjwa wake wavae sare zao za kijeshi badala ya nguo za hospitali, akawaomba wenyeji wa mji wawakaribishe majumbani bila kuwashangaa. Mwaka 1941 majeruhi hao waliunda chama, wakajiita Simbilisi, kwa jina la mnyama mdogo anayefanyiwa majaribio ya dawa. Vita vilipokwisha walikuwa wanachama 649.

Amani iliporudi, McIndoe aliipenda Afrika Mashariki, akawa na shamba katika miteremko ya Kilimanjaro. Mwaka 1957, pamoja na wanafunzi wake wawili wa zamani, Michael Wood na Thomas Rees, alianzisha huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo inajulikana kwa jina la AMREF. Alifariki London mwaka 1960.

Aliacha fumbo moja: aliyeungua karibu mwili mzima atatoa wapi ngozi ya kupandikiza? Ngozi ya mtu mwingine haidumu. Mwili huitambua kuwa ni mgeni na kuikataa, kama alivyothibitisha mtaalamu Peter Medawar. Mwaka 1975, nchini Marekani, James Rheinwald na Howard Green walifaulu kuotesha chembe za ngozi ya binadamu katika maabara. Mwaka 1983 watoto wawili walioungua zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za mwili waliokolewa kwa ngozi iliyooteshwa kutoka katika chembe zao wenyewe. Mwaka 2013, huko Oregon, wataalamu walitia kiini cha chembe ya ngozi ndani ya yai la mwanamke lililoondolewa kiini chake, wakapata chembe changa zenye urithi uleule wa mwenye ngozi. Njia hiyo bado ni ya maabara, lakini shabaha yake ni kumpa mgonjwa kiungo ambacho mwili wake hautakikataa.

Nasi tusiingoje maabara. Mwenzetu akiungua, tumwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20, tusimpake mafuta wala dawa ya meno, kisha tumpeleke hospitali. Na akirudi na uso mwingine, tumpokee kikosini kama zamani. Hujafa hujaumbika.