TOM MBOYA: BWANA AFYA KUTOKA KABETE

Ukisikia jina la Tom Mboya bila shaka unakumbuka ndege za kwenda Marekani, hotuba zake kali, na sanamu iliyosimamishwa Moi Avenue mwaka wa 2011. Mimi nataka nikueleze habari ya cheti chake. Hapa kwetu Riruta Satellite, kijana akikosa chuo kikuu watu humhesabu kama amekwisha, hata kama ndiye anayechomelea mageti ya mtaa mzima.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Baba yake, Mzee Leonard Ndiege, alikuwa nyapara katika shamba la mkonge la Mzungu. Kijana alisomea Kabaa, kisha Yala, na mwaka wa 1946 akaingia shule ya Mang'u. Alikuwa na kichwa chepesi, lakini kichwa chepesi hakilipi karo! Wadogo zake nao walitaka kusoma, mshahara wa mzee haukutosha, basi Tom akaondoka Mang'u bila kuufanya ule mtihani mkuu wa Cambridge.

Je, alirudi nyumbani akae ahurumiwe? La hasha. Mwaka wa 1948 alijiunga na kozi ya wakaguzi wa afya, akafunzwa katika Jeanes School pale Kabete. Si mbali na sisi. Ukitoka Kawangware ukavuka Kangemi, umekaribia. Alihitimu mwaka wa 1950, na baraza la jiji la Nairobi likamwajiri. Kazi hiyo si ya kukaa mezani tu. Bwana afya hukagua maziwa, nyama, maji, vyoo na mitaro. Akizembea, mtaa mzima unaendesha.

Siku moja akiwa kazini peke yake akipima maziwa, aliingia mama mmoja wa Kizungu na chupa yake, akaangaza huku na huku, akauliza kama hapana mtu. Mboya naye akamwuliza kama macho yake yana kasoro. Mimi hucheka nikikumbuka kisa hicho, ingawa chenyewe kinauma: kwa kazi ile ile moja, mkaguzi Mwafrika alipata sehemu moja tu kwa tano ya mshahara wa mwenzake Mzungu.

Siasa zake zilianzia hapo kazini. Mwaka wa 1952 aliunda chama cha wafanyakazi wa mabaraza, na mwaka uliofuata akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vyote vya wafanyakazi nchini. Makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma mwaka wa 1955, yeye ndiye aliyewatetea mpaka wakaongezwa karibu thuluthi ya mshahara. Baadaye alisoma mwaka mmoja tu huko Ruskin College, Oxford, akarudi bila digrii, na mwaka wa 1957 akachaguliwa kuingia LegCo.

Asidhani mtu kwamba aliidharau digrii. Mwaka wa 1959 yeye na rafiki zake Wamarekani walipeleka wanafunzi 81 ng'ambo kwa ndege, wakatafute kile ambacho mwenyewe hakukipata. Uhuru ulipokuja aliongoza wizara ya Sheria, kisha ya Mipango ya Uchumi, na wachumi wenye digrii zao wakawa wanamletea yeye kazi aikague.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi mchana kweupe akitoka duka la dawa, katika barabara iliyoitwa Government Road, ambayo sasa ndiyo Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38. Alizikwa kisiwani Rusinga.